Ikwalaiza ya Redio ya Nyumbani: Kuichagua, Kuiunganisha na Kuipanga Mpaka Sauti Itulie

Ikwalaiza ni mashine yenye safu ya slaida, vitufe vya kusogeza juu na chini, ambazo huongeza au kupunguza sauti kipande kwa kipande, kuanzia besi upande wa kushoto hadi trebo upande wa kulia. Kuna mpangilio mmoja ambao utaukuta karibu kila sebule yenye mashine hii: slaida za kushoto juu kabisa, za kulia juu kabisa, za katikati chini, umbo la herufi V. Siku ya kwanza sauti inafurahisha. Zikipita siku chache malalamiko yanaanza: besi inavuma chumba kizima, maneno ya mwimbaji yamezama, na spika inapasua sauti kabla volyumu haijafika nusu. Wapo pia wanaosogeza slaida zote na wasisikie badiliko lolote.

Yote haya yana dawa, na si lazima iwe mashine ya gharama zaidi. Unatakiwa kujua mambo mawili tu: ikwalaiza ikae wapi kwenye njia ya sauti, na kwamba kazi yake kubwa ni kupunguza kilichozidi.

## Vitu vya kuwa navyo

- Ikwalaiza ya stereo yenye angalau slaida 10 kwa kila upande.
- Amplifaya, risiva au sabufa yenye matundu ya RCA nyuma, yale mekundu na meupe.
- Jozi mbili za waya za RCA zisizozidi mita moja na nusu. Waya mrefu huokota kelele njiani.
- Waya wa jeki ya mm 3.5 kwenda RCA mbili, kama muziki unatoka kwenye simu au kompyuta.
- Kipokezi cha Bluetooth chenye matundu ya RCA, kama hutaki simu ifungwe na waya.
- Ekstensheni moja nzima, futi ya kupimia, kalamu na karatasi.
- Nyimbo tatu au nne unazozijua kwa moyo: moja yenye sauti ya mwanamke iliyo mbele, moja yenye gitaa la besi linalotembea, na moja ya vyombo vingi, kama taarabu au rumba. Ziwe za CD au MP3 ya 320 kbps.

## Hatua ya 1: Chora njia ya sauti kabla ya kutoa pesa

Hapa ndipo wengi wanapopotezea pesa zao. Ikwalaiza hubadilisha tu sauti inayopita ndani yake, tena ikiwa bado ni umeme mdogo, kabla amplifaya haijaikuza. Sauti isipopita humo, hata ucheze na slaida usiku kucha hakuna kitakachobadilika.

Sasa tazama unavyosikiliza muziki. Ukituma wimbo kwa Bluetooth moja kwa moja kwenye sabufa, au ukichomeka flashi mbele yake, au ukiwasha FM yake ya ndani, sauti inazaliwa ndani ya sabufa yenyewe na kwenda kwenye spika. Haitoki nje kupitia ikwalaiza. Hali ni hiyohiyo kwa risiva ya hom thieta inayopokea kila kitu kwa HDMI.

Geuza mashine yako uangalie nyuma. Utakuta hali moja kati ya tatu.

Kuna matundu ya REC OUT (au TAPE OUT) na TAPE IN (au PLAY). Hii ndiyo njia bora. Kila chanzo unachokichagua kwenye amplifaya, iwe deki, redio au AUX, kinatoka kupitia REC OUT, kinapita kwenye ikwalaiza, kisha kinarudi kupitia TAPE IN. Sharti amplifaya iwe na kitufe cha TAPE MONITOR, kinachoifanya icheze sauti inayorudi kupitia TAPE IN.

Kuna PRE OUT na MAIN IN. Inafaa, lakini hapa volyumu iko kabla ya ikwalaiza. Hata ukipunguza volyumu, mchirizo mdogo (ile kelele ya “sss”) wa ikwalaiza yenyewe unaendelea kwenda kwenye spika. Kama amplifaya imeunganisha matundu hayo kwa vipande vya chuma, vitoe na uvitunze. Siku utakapoondoa ikwalaiza bila kuvirudisha, amplifaya itakuwa bubu.

Kuna AUX IN tu. Hali hii ndiyo ya sabufa nyingi. Ikwalaiza itakaa kati ya chanzo na AUX: simu, deki au kipokezi cha Bluetooth kinaingia kwenye ikwalaiza, ikwalaiza inaingia kwenye AUX.

Kama wewe ni mtu wa simu na Bluetooth tu, na huna nia ya kuongeza waya wala kipokezi, usinunue. Programu ya Poweramp ina ikwalaiza yenye bendi 10 (bendi ni kipande cha sauti kinachoshikwa na slaida moja), na Wavelet inafanya kazi hiyo kwa programu nyingi za muziki kwenye Android. Hatua ya 6 na ya 7 hapa chini zitakufaa vilevile.

*Onyo:* waya zinazokwenda kwenye spika zisiguse ikwalaiza kamwe. Umeme wa pale ni mkubwa na utaiunguza.

*Umefaulu ukiweza* kuchora mstari kutoka chanzo hadi spika na kuonyesha kwa kidole ikwalaiza inakaa wapi.

## Hatua ya 2: Chagua mashine

Idadi ya slaida. Ikwalaiza ya bendi 10 ina slaida za Hz 31, 63, 125, 250, 500, kisha kHz 1, 2, 4, 8 na 16. Hz ni idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde, yaani masafa yake: namba ndogo ni besi, kubwa ni trebo, na kHz 1 ni Hz 1,000. Kila moja ni maradufu ya iliyotangulia. Kwa sebule inatosha. Bendi 15 ni nzuri zaidi kwa sababu unaweza kugusa besi inayovuma bila kuharibu ya jirani. Bendi 31 zina maana kama una maikrofoni ya kupimia. Kwa sikio peke yake utapotea. Bendi 5 ni vifundo vya besi na trebo vilivyoongezewa ndugu.

Za nyumbani au za ukumbini. Ikwalaiza za nyumbani zenye RCA siku hizi mara nyingi ni mtumba: Technics, Pioneer, JVC, Kenwood, Sony. Mpya zinazopatikana kirahisi ni za ukumbini na kanisani, kama Behringer FBQ1502HD na dbx 215s, zote za stereo zenye bendi 15. Hizi zina matundu ya XLR na jeki ya mm 6.35, hivyo nunua na pini za kubadilisha RCA kwenda jeki ya mono. Hakikisha pia si ya chaneli moja. dbx 131s, kwa mfano, ina slaida 31 lakini ni ya upande mmoja tu; kwa stereo ungehitaji mbili.

Volti. Mtumba wa Japani umetengenezewa volti 100, wa Marekani volti 120. Tanzania ni 230, Kenya 240. Soma maandishi ya nyuma. Kama kuna swichi ya kuchagua volti, ihamishe kabla ya kuchomeka. Kama hakuna, nunua transfoma ya kushusha umeme. Ikwalaiza haili umeme mwingi, hivyo transfoma ndogo ya wati 50 hadi 100 kwa kawaida inatosha, lakini linganisha kwanza na wati zilizoandikwa nyuma ya mashine.

Ikwalaiza za gari. Zinavutia kwa bei na mafundi wengi huzifunga nyumbani kwa umeme wa volti 12. Zinafanya kazi, ila zikilishwa na chaja ya bei rahisi hutoa mvumo na mluzi usioisha. Kama hutanunua pawasaplai safi, ziache kwenye gari.

Majaribio ya dukani. Iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, usikubali kuondoka na mtumba ambao hujausikia. Nenda na simu na waya zako, ucheze wimbo unaoujua, kisha:

1. Sogeza kila slaida juu hadi chini polepole. Mkwaruzo mdogo ni vumbi, husafishika. Upande ukikatika kabisa slaida ikifika mahali fulani, hiyo imekufa.
2. Sikiliza kushoto na kulia kwa zamu. Ziwe na nguvu sawa.
3. Bonyeza kitufe cha BYPASS au EQ DEFEAT, kinachopitisha sauti bila kuguswa na slaida. Slaida zote zikiwa katikati, sauti isibadilike ukikibonyeza. Ikibadilika sana, kuna kapasita zilizochoka ndani.
4. Simamisha wimbo, ongeza volyumu kidogo, usikilize mvumo.

Taa zinazocheza zisikushawishi. Mara nyingi zina saketi yao ya pembeni, na zinaweza kuruka vizuri kabisa huku njia ya sauti ni mbovu.

## Hatua ya 3: Panga spika na chumba kwanza

Najua unataka kuwasha mashine. Subiri. Nusu saa ya kusogeza spika huleta faida ambayo slaida haziwezi kuleta.

Toa spika kwenye pembe za chumba, kwa sababu kuta mbili na sakafu hukuza besi bila mpango. Anza na sentimita 40 kutoka ukutani. Twita, yaani spika ndogo za sauti za juu, ziwe usawa wa masikio ukiwa umekaa. Umbali kati ya spika mbili ulingane na umbali kutoka kila spika hadi kwenye kochi lako.

Nyumba zetu nyingi mpya zina vigae chini, jipsamu juu na madirisha makubwa ya kioo. Piga kofi moja katikati ya sebule. Ukisikia mlio unaojirudia haraka, hiyo ni mwangwi wa kuta na sakafu. Ikwalaiza haiwezi kuuondoa, kwa sababu inabadilisha kiasi cha sauti na si muda inaokaa chumbani. Zulia, mapazia mazito na makochi ya kitambaa ndiyo dawa yake.

*Umefaulu* wimbo wa mwimbaji mmoja ukisikika unatoka katikati, mahali ambapo hakuna spika.

## Hatua ya 4: Unganisha

Zima kila kitu na uchomoe kwenye ukuta. Nyekundu ni kulia, nyeupe ni kushoto.

Kwa amplifaya yenye TAPE: waya wa kwanza utoke REC OUT ya amplifaya uingie LINE IN ya ikwalaiza. Wa pili utoke LINE OUT ya ikwalaiza uingie TAPE IN ya amplifaya. Kwa sabufa: chanzo kiingie LINE IN, na LINE OUT iende AUX IN.

Chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja. Sababu yake inahusu mvumo. Tutarudi huko chini.

Washa kwa utaratibu huu: chanzo, ikwalaiza, na amplifaya mwisho, volyumu ikiwa sifuri. Ukizima, amplifaya itangulie. Ukienda kinyume, mshindo wa ikwalaiza inapowaka utapigwa moja kwa moja kwenye spika.

Sasa bonyeza TAPE MONITOR kama unatumia njia hiyo. Cheza wimbo kwa sauti ndogo na ushushe slaida ya kHz 1 hadi chini. Sauti ya mwimbaji ikirudi nyuma, njia iko sawa. Isipobadilika, angalia kama BYPASS imebonyezwa, kisha urudi kwenye mchoro wako wa Hatua ya 1.

## Hatua ya 5: Rudisha kila kitu sifuri

Slaida zote katikati. Besi na trebo za amplifaya katikati. Zima LOUDNESS, zima besi ya ziada, zima ikwalaiza ya simu na ya programu ya muziki. Ukiacha mbili zinafanya kazi pamoja, utakuwa unarekebisha marekebisho.

Simu iwe karibu asilimia 80 hadi 90 ya volyumu yake. Ikiwa chini sana, utalazimika kuongeza amplifaya na kelele zote za njiani zitapanda nayo.

Hapa tuzungumze hesabu, kwa sababu ndiyo inayoua spika. Desibeli (dB) ni kipimo cha ukubwa wa sauti kinachoandikwa kando ya slaida. Kuongeza desibeli 3 kunadai nguvu maradufu kutoka kwa amplifaya. Desibeli 6 ni mara nne. Desibeli 12, yaani slaida hadi mwisho kwenye mashine nyingi, ni takriban mara 16. Kama besi ilikuwa inatumia wati 2, sasa inataka 32. Amplifaya ya wati 30 imekwisha hapo, inaanza kukata vichwa vya mawimbi, na sauti hiyo iliyokatwa ndiyo inayounguza twita. Mtu atasema spika ni feki, kumbe imeuliwa na slaida.

## Hatua ya 6: Tafuta besi inayovuma, uishushe

Hii ndiyo kazi ambayo ikwalaiza inaifanya vizuri kuliko zote, na ndiyo inayoachwa.

Mawimbi ya besi hugonga kuta mbili zinazotazamana, na kwa masafa fulani hujilundika. Pima urefu wa chumba kwa mita, uzidishe kwa mbili, kisha uchukue 343, ambayo ni mwendo wa sauti kwa mita kwa sekunde, uigawe kwa jibu hilo. Chumba cha mita 4 kinatoa karibu Hz 43. Upande wa mita 3 unatoa karibu Hz 57. Maradufu ya namba hizo pia huleta shida, kwa hiyo Hz 86 nayo ipo kwenye orodha.

Hesabu inakupa washukiwa, sikio linathibitisha. Tafuta programu ya bure ya simu inayotoa mlio wa masafa unayoandika. Keti mahali pako pa kawaida. Kwa sauti ya wastani, piga Hz 40, 50, 63, 80, 100, 125 na 160, kila mmoja kwa sekunde chache. Andika upi umevimba na upi umepotea.

Ulipovimba, shusha slaida iliyo karibu kwa desibeli 3, sikiliza wimbo wenye gitaa la besi, kisha ongeza hadi 4 au 6 kama bado panavuma. Slaida ya Hz 63 kwenye mashine ya bendi 10 inagusa kuanzia takriban 45 hadi 90, hivyo usiishushe kwa pupa.

Ulipopotea, usipandishe. Hapo mawimbi yanayotoka kwenye spika na yanayorudi kutoka ukutani yanafutana. Ukiongeza nguvu, unaongeza pande zote mbili na shimo linabaki palepale, huku amplifaya ikihema. Sogeza kochi au spika sentimita 20 au 30, kisha piga mlio tena.

Slaida ya Hz 31 iache sifuri au chini yake. Sabufa nyingi za inchi 8 au ndogo zaidi haziwezi kutoa masafa hayo. Koni inakwenda mbele na nyuma bila kutoa sauti ya maana, na inachoka bure.

*Onyo:* usipime besi kwa maikrofoni ya simu. Nyingi hukata sauti za chini zenyewe ili mazungumzo yasikike vizuri, na grafu itakudanganya kwamba besi imepungua. Mwenye kompyuta na maikrofoni ya kupimia kama UMIK-1 atumie programu ya Room EQ Wizard, ambayo ni bure.

*Umefaulu* ukiweza kufuata gitaa la besi noti kwa noti, kila moja ikiwa na uzito unaokaribiana, badala ya noti moja inayotikisa kabati la vyombo.

## Hatua ya 7: Safisha sauti za kati na za juu

Kanuni ya kutafuta ubaya ni hii: pandisha slaida moja kwa desibeli 6, sikiliza, rudisha. Nenda kwenye inayofuata. Ile ambayo ikipanda inakukera kuliko zote ndiyo yenye ziada. Ishushe desibeli 2 au 3 chini ya sifuri.

Haya ndiyo utakayokutana nayo.

Hz 125 hadi 250. Ngoma na miguu ya sauti ya mwanamume. Zikizidi, mtangazaji wa habari anasikika kama ana mafua, na maneno yanajaa ukungu. Sabufa za bei nafuu huzidi sana hapa.

Hz 500. Sauti ya ndani ya sanduku. Kushusha desibeli 2 mara nyingi hufungua wimbo mzima.

kHz 1 hadi 2. Hapa ndipo maneno yanapoeleweka. Wenye umbo la V wanashusha hapa, kisha wanashangaa mbona mashairi ya taarabu hayasikiki. Iache karibu na sifuri. Ikiwa sauti inatoka puani, punguza kHz 1 kidogo.

kHz 4. Mguso wa kidole kwenye uzi: gitaa la sebene, kanuni ya taarabu (kile chombo cha nyuzi nyingi), kijiti kwenye ngoma. Ikizidi, masikio yanachoka ndani ya nusu saa na hujui kwa nini umezima redio.

kHz 8. Herufi s na sh. Kama “siku” na “shukrani” zinakuchoma sikio, dawa iko hapa.

kHz 16. MP3 nyingi za 128 kbps hukatwa karibu na masafa haya, na watu wazima wengi hawayasikii vizuri. Ukipandisha, mara nyingi unachoongeza ni mchirizo.

Ukitaka kuongeza kitu kwa sababu unakipenda tu, ongeza. Muziki ni wako. Lakini usizidi desibeli 3, na kama amplifaya inafanya kazi kwa nguvu, punguza slaida nyingine zote badala yake. Matokeo ni yaleyale kwenye sikio na amplifaya inapumua.

## Hatua ya 8: Linganisha kwa haki

Bonyeza BYPASS huku wimbo unacheza. Kabla hujahukumu, hakikisha sauti yenye ikwalaiza na isiyo nayo zina nguvu sawa. Sikio letu hupenda kilicho juu zaidi, hata kama tofauti ni ya desibeli moja. Tumia slaida ya LEVEL ya ikwalaiza kusawazisha. Kama haina, tumia volyumu.

Fanya hivyo kwa sauti ile unayoitumia kila siku. Masikio hupoteza besi nyingi muziki ukiwa mdogo, kwa hiyo mpangilio wa saa tano usiku kwa sauti ya chini utakuwa na besi nyingi mno mchana wa Jumapili.

Mpangilio ukikaa, piga picha ya slaida kwa simu. Watoto watazigusa.

## Ikigoma

Mvumo usiokoma. Mara nyingi unatokana na vifaa viwili vilivyochomekwa kwenye soketi tofauti, au waya wa antena au dishi unaoingia kwenye king'amuzi. Chomoa waya wa dishi: mvumo ukikatika, mkosaji umempata, na kifaa cha kutenganisha waya za RCA kitamaliza tatizo. Usikate pini ya ethi ya plagi kwa sababu yoyote. Hiyo ndiyo inayokulinda usipigwe na umeme.

Upande mmoja kimya. Badilishana waya nyekundu na nyeupe kwenye LINE IN. Ukimya ukihamia upande wa pili, ubovu uko kwenye chanzo au waya wake. Ukibaki palepale, rudisha waya hizo kisha ufanye hivyohivyo kwenye LINE OUT. Ukihama safari hii, ubovu uko kwenye ikwalaiza; ukibaki, ni waya wa pili au amplifaya.

Slaida zinakwaruza. Zima na uchomoe, puliza vumbi, nyunyizia dawa ya kusafishia kontakti kwenye upenyo, kisha usogeze kila slaida juu na chini mara ishirini au zaidi. Usitumie mafuta ya kulainisha minyororo wala ya cherehani. Hushika vumbi na kuharibu njia ya kaboni iliyo ndani. Acha ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Baada ya hapo, ifunike kwa kitambaa chepesi ikiwa imezimwa, na ufanye usafi huo tena mkwaruzo utakaporudi.